Mfuko wa PICS kwa mbegu ya maharage: unapofaa, na unaposhindwa na dumu la lita tano

Mfuko wa PICS, ule usiopitisha hewa unaouzwa kwenye maduka ya pembejeo, una matabaka matatu. Mawili ya ndani ni plastiki nzito inayoonyesha, kila moja lenye unene wa mikroni 80, na la nje ni kiroba cha kufumwa kama kile cha mbolea. Ulibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani waliokuwa wakishughulikia kunde nchini Kameruni, na kampeni kubwa ya kuusambaza ilianza Afrika Magharibi mwaka 2007 kabla ya kufika kwetu Afrika Mashariki. Huuzwa kwa ukubwa wa kilo 50 na kilo 100. Bei yake hupanda kadiri duka lilivyo mbali na mji.

Kwa maharage ya kula na ya kungojea bei sokoni, mfuko huu hauna haja ya kutetewa tena. Unamwezesha mtu kuacha dawa ya unga. Hapa tunaupima kwa kazi nyingine: kutunza mbegu ya nyumbani, ile Kablanketi, Rosecoco au Lyamungu ambayo familia huipanda, huichagua na kuwagawia majirani msimu hadi msimu. Kwa kazi hiyo, mfuko unafaa sana kwa mwenye kilo 30 au zaidi za aina moja, atakayeufungua mara moja tu, siku ya kupanda. Kwa mwenye aina nne, kila aina kisado kimoja, ni fedha inayopotea. Huyo dumu la lita tano na chupa za maji ya kunywa zitamtumikia vizuri zaidi, na karibu bure.

Sababu ya kujitaabisha na mbegu ya maharage ni kwamba haigeuki. Maharage ya kawaida hujichavusha yenyewe, tena kabla ua halijafunguka, kwa hiyo nyuki anapotua kazi imeshakwisha. Njano Uyole iliyopandwa mita tatu au nne kutoka kwenye Lyamungu 90 itazaa Njano Uyole. Uchavushaji wa kuingiliana upo, kwa kawaida chini ya asilimia 5, na huongezeka penye wingi wa nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Ukikutana na punje ngeni, angalia zimetokea lini. Ganda la punje hutengenezwa na mama, hivyo punje iliyochavushwa na aina nyingine hutoka na rangi ileile ya mama. Rangi ngeni huonekana msimu unaofuata, kwenye maganda ya mche uliotokana na punje hiyo, na mche mzima huwa hivyo. Rangi ngeni iliyotapakaa punje moja moja siku ya kupura imetoka kwenye turubai lililotumika jana bila kukung'utwa, au kwenye kisado cha jirani. Mchanganyiko huo wa siku ya kupura ndio hutokea mara nyingi, na dawa yake ni ufagio.

Usichukulie kwamba kila jamii ya mikunde iko hivyo. Kunde na choroko hufuata tabia ya maharage. Mbaazi huchavushwa sana na nyuki, na vivyo hivyo maharage makubwa yanayotambaa ya maua mekundu yanayolimwa kwenye nyanda za baridi. Hayo yakikaa jirani na aina nyingine ya jamii yake huchanganyika, na hakuna mfuko utakaoyarudisha.

Mfuko hutunza ugonjwa pia

Jambo hili wauzaji hawalisemi, nasi tunaliweka mbele ya yote. Kifungashio kisichopitisha hewa kinaua wadudu. Hakiui chule, yaani ugonjwa wa kuvu wa madoa yaliyodidimia, hakiui bakteria wanaokausha majani, hakiui virusi vya batobato. Vyote hivyo husafiri ndani ya punje, na punje iliyokaa salama kwenye mfuko miezi sita huota na ugonjwa wake ukiwa mzima. Kwa hiyo ubora wa mbegu huamuliwa shambani, wiki nyingi kabla hujanunua mfuko.

Wakati wa maua, pita ung'oe kila mche wenye batobato, yaani majani yaliyojikunja, yenye mabaka ya kijani kibichi na kijani iliyopauka. Funga kamba ya rangi kwenye miche mizuri, isiyopungua 50 kwa aina moja. Chini ya 20, tofauti zilizomo ndani ya aina huanza kupotea, hasa ile ya asili ambayo miche yake si yote inayofanana. Maganda yakianza kuwa njano rudi tena: ganda lenye doa jeusi au la kahawia lililodidimia katikati ni la chule, na punje zake ziende jikoni hata kama zinaonekana safi. Usichague mbegu kwenye miche ya pembeni iliyokanyagwa, wala usiamue kwa ukubwa wa punje peke yake. Punje kubwa hutoka pia kwenye mche ulioangusha maua mengi ukabaki na maganda mawili.

Wakulima wa Rwanda, Burundi na Kivu wanaopanda mchanganyiko wa rangi nyingi kwa makusudi wana kazi ya ziada. Wasipopanga uwiano wa rangi kwa mkono kabla ya kufungasha, aina inayozaa sana huwameza wenzake misimu michache ijayo, na ile yenye ladha au inayovumilia mvua nyingi hupotea kimyakimya.

Jinsi mfuko unavyoua fukusi

Kuna fukusi wa maharage wa aina mbili wanaostahili kujulikana. Mmoja hupenda zaidi nyanda za baridi. Huanza shambani, hutaga mayai yake huru kwenye maganda yanayokauka au katikati ya punje, na funza akianguliwa hutembea akitafuta pa kuingilia. Wa pili hupenda joto, na hubandika yai moja kwa moja juu ya punje. Unaliona kama nukta nyeupe, na hata ukipepeta halitoki. Wote wawili, penye joto, humaliza mzunguko wa maisha kwa wiki nne hadi tano. Ndiyo maana maharage yaliyoonekana safi wakati wa kuvuna huwa na matundu miezi miwili baadaye: wageni walikuja nayo kutoka shambani.

Ukifunga mfuko, wadudu hao na punje zenyewe huvuta oksijeni iliyobaki. Ikishuka hadi chini ya asilimia 5 hivi fukusi huacha kula na kutaga. Kinachomuua hasa ni kiu, kwa sababu mdudu anayeishi ndani ya punje kavu hujitengenezea maji kutokana na chakula na oksijeni. Ukimkatia oksijeni umemkatia maji. Hapa pana jambo la kushangaza kidogo kwa mwenye mbegu. Maharage yenye fukusi wengi hushusha oksijeni kwa siku chache. Maharage yenye fukusi wachache huchukua wiki kadhaa, na katika wiki hizo hao wachache huendelea kutafuna. Kwa chakula hasara hiyo ni ndogo. Kwa mbegu, funza mmoja akipitia karibu na kovu la punje, pale ilipokuwa imeshikana na ganda, anakula kiini kinachochipua, na punje hiyo haitaota kamwe ingawa imebaki na asilimia 90 ya uzito wake.

Kwa sababu hiyo mbegu isiachwe shambani ikauke kupita kiasi. Vuna mara maganda mengi yanapogeuka njano na kukauka, ng'oa asubuhi maganda yakiwa bado laini kwa umande yasipasuke, na maliza kukausha nyumbani. Kila wiki ya ziada shambani ni wiki ya kutaga.

Kukausha: mahali mfuko unapoharibiwa jina

Malalamiko mengi kwamba mfuko "umeozesha maharage" huanzia hapa. Mfuko haukaushi. Unyevu unaoingia nao ndio utakaokaa nao, na punje yenye unyevu wa asilimia 15 ndani ya plastiki hupumua, hupata joto, huota ukungu na kunuka kama pombe. Kwa kula, asilimia 13 inatosha. Kwa mbegu lenga 12 au 11. Kanuni ya zamani ya watunza mbegu husema kila asilimia moja ya unyevu unayoipunguza huongeza maradufu muda wa mbegu kubaki hai, na kila nyuzi tano za joto unazopunguza hufanya vivyo hivyo. Usishuke chini ya asilimia 9 hata hivyo, maana baadhi ya punje huwa ngumu zisinywe maji zikipandwa, na nyingine hunywa kwa pupa zikapasuka.

Namna ya kupura ina uzito wake. Maharage ya mbegu yapurwe kabla hayajakauka kabisa, unyevu ukiwa karibu asilimia 15, au yamenywe kwa mkono. Ukiyapiga kwa fimbo yakiwa makavu mno yanapata nyufa usizoziona, na punje hizo hutoa miche isiyo na kichwa: majani mawili manene ya mbegu yanatokeza, kisha hakuna kinachofuata. Mkulima hulaumu mvua au mfuko, kumbe ni fimbo.

Baada ya kupura, tandaza kwenye turubai juu ya kichanja au mkeka, unene wa punje mbili au tatu, na geuza kila saa. Ardhi tupu hurudisha unyevu na kuleta udongo wenye vimelea. Jua la saa sita kali kwenye bati au turubai jeusi huunguza kiini. Penye joto kali, anika asubuhi na alasiri na ufunike mchana. Jioni kusanya na kufunika kabla umande haujashuka, na kabla fukusi wanaoruka hawajatua.

Kujua kama zimekauka, anza na chumvi. Chukua chupa ya kioo kavu, jaza punje hadi theluthi, tia vijiko vitatu vya mezani vya chumvi iliyokaushwa kwanza kwenye kikaango, funga, tikisa dakika moja na uache robo saa. Chumvi ikigandamana ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isiposhika, wengi hukimbilia kufunga, na hapo ndipo kosa lilipo: kipimo cha chumvi kinakuambia tu kwamba umeshuka chini ya 15, hakikuambii kama umefika 12. Ongeza siku moja au mbili za jua. Kisha weka punje juu ya sakafu ya saruji uipige kwa nyundo. Kavu hupasuka vipande vipande. Yenye maji hubonyea na kushikamana. Jaribu punje kumi kutoka sehemu tofauti za turubai, kwani za katikati ya lundo hudanganya.

Anayetunza mbegu ya kikundi anunue DryCard, kadi ndogo iliyobuniwa Chuo Kikuu cha California, Davis. Unaifungia kwenye chupa au mfuko mdogo pamoja na punje kwa saa moja hivi, kisha unalinganisha rangi ya ukanda wake na rangi zilizochapishwa kando. Rangi ya waridi ni unyevu, ya buluu ni ukavu. Inatumika tena na tena, na kwa kikundi ni fedha iliyotumika vizuri kuliko mfuko wa pili. Ghala la ushirika lenye mashine ya kupima unyevu litakupa jibu sahihi zaidi, ukiwa karibu nalo.

Kujaza na kufunga

Kabla ya kujaza, kagua kila tabaka la plastiki. Lipulizie hewa, kunja mdomo, bonyeza polepole huku umelisogeza karibu na shavu. Tundu dogo utalisikia kwa ngozi kabla hujaliona. Vua pete, na hakikisha maharage hayana vijiti wala vipande vya maganda vyenye ncha.

Acha punje zipoe kivulini. Ukizifunga zikiwa na joto la turubai, usiku mvuke utagandia sehemu ya juu ya mfuko na kulowesha punje za mdomoni. Ingiza tabaka moja ndani ya jingine, kisha yote mawili ndani ya kiroba, na kunja midomo yake nje kwenye ukingo. Mimina kidogo kwanza ili pembe za chini zikae vizuri, kisha debe kwa debe, ukitikisa kila mara hewa itoke katikati ya punje. Acha sentimita 30 za shingo. Kandamiza hewa itoke, sokota shingo ya tabaka la ndani hadi ikaze, ikunje kama kitanzi na uifunge kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kamba ya katani huteleza na ya nailoni nyembamba hukata plastiki. Fanya hivyohivyo kwa tabaka la pili, halafu kiroba.

Uweke juu ya chaga, nusu mita kutoka ukutani, mbali na jua na bati la moto. Usiufungue kwa miezi miwili ya kwanza. Panya ni adui wa kweli wa mfuko huu, kuliko fukusi. Plastiki ya mikroni 80 haimzuii, na tundu moja linatosha kurudisha hewa. Anayehifadhi mahindi yenye dumuzi chumba kimoja na mbegu ajue kuwa dumuzi naye hutoboa plastiki. Chumba chenye panya wengi si cha mfuko huu hata ukinunua mpya kila msimu. Tumia pipa la plastiki gumu lenye mfuniko wa kukaza, au la bati.

Mbegu ya kugawa haikai kwenye mfuko mkubwa

Sasa tufike penye udhaifu wake. Mbegu ya nyumbani haitoki siku moja. Shangazi anataka kisado, jirani anataka vikombe viwili, mtoto aliyeolewa mbali anaomba chupa moja ya kuanzia. Kila ukifungua mfuko, hewa mpya inaingia, na kama nyumba ina maharage mengine yenye wadudu, fukusi wapya wanaingia nayo. Mfuko wa kilo 100 uliobaki na kilo 20, usipoukandamiza upya, una hewa nyingi kuliko mbegu. Hapo umekuwa kiroba cha bei ghali.

Vyombo vidogo vigumu ndivyo vinavyoifaa kazi hii. Chupa ya maji ya lita moja na nusu huchukua kilo 1.2 hivi ya maharage, dumu la lita tano huchukua kilo nne, na dumu la lita 20 kilo 15 au 16. Chombo kijae hadi kwenye kizibo. Kigonge mezani punje zishuke, ongeza, gonga tena. Chupa iliyojaa nusu ina oksijeni ya kutosha kulea kizazi kizima cha fukusi, na kosa hilo ndilo linalowafanya watu waseme chupa haifai. Mbegu ikibaki nusu, hamishia chombo kidogo zaidi. Kizibo kikaze, kisha zungushia nta ya mshumaa au mkanda wa plastiki. Kujaribu kama chupa tupu inavuja, ifunge na uibonyeze ndani ya ndoo ya maji.

Dumu la mafuta ya kupikia lioshwe kwa maji ya moto na sabuni mara mbili, na likauke siku mbili mdomo ukiwa chini. Maji yaliyobaki ndani huharibu mbegu. Dumu lililobeba mafuta ya taa au dawa ya shamba halitumiki kamwe, hata lioshwe vipi. Vyombo vinavyoonyesha vikae gizani, ndani ya boksi.

Ushauri wetu ni kuamua mgao siku ya kufungasha. Jaza chupa za nusu lita za kugawa, jaza dumu la shamba lako, na jaza chupa moja au mbili za akiba zisizoguswa hata msimu ukifeli. Chupa ya nusu lita ni kama gramu 400, sawa na punje 800 hadi 1,000 za aina yenye punje kubwa. Kwa nafasi ya sentimita 50 kwa 10, hizo zinatosha mita za mraba 40 hadi 50, na shamba dogo la kawaida litarudisha kilo nne au tano. Kwa msimu mmoja aliyepokea chupa anakuwa na mbegu yake mwenyewe, na anaweza kurudisha chupa mbili kama ndiyo desturi ya kikundi. Kumpa mtu kikombe kimoja cha chai ni kumpa kitoweo. 

Lebo iandikwe kwa penseli, nakala moja ndani na moja nje, maana wino hufifia na karatasi ya nje hudondoka. Iseme jina la aina, kijiji ilikolimwa, msimu na mwaka, asilimia ya uotaji, na kama ni ya kichaka kifupi au ya kutambaa. Hilo la mwisho husahauliwa sana, na aliyepokea hukata miti ya kuegemezea bure, au hukosa miti hiyo kabisa.

Uotaji upimwe kabla ya kugawa, si baada ya jirani kulalamika. Panga punje 100 bila kuchagua nzuri, kwenye kitambaa au gazeti lililoloweshwa na kukamuliwa, zungusha, weka ndani ya mfuko wa plastiki ulioachwa wazi kidogo, ndani ya nyumba. Hesabu siku ya tano na siku ya nane. Mche usio na kichwa au usio na mzizi uhesabiwe kuwa umekufa. Ukipata 80 au zaidi, gawa kwa moyo mweupe. Kati ya 60 na 80, panda mwenyewe kwa kuongeza kiasi. Chini ya 60, pika. Mbegu iliyokaushwa vizuri na kufungwa hukaa na nguvu miaka miwili hadi mitatu kwenye nyanda za baridi kama Mbeya au Nyandarua. Kwenye joto la Pwani panga mwaka mmoja, na usiweke akiba yako yote huko. Siku mbili kabla ya kupanda, fungua chombo na uache mbegu kivulini ivute unyevu kidogo wa hewa, ili isinywe maji ya ardhini kwa ghafla.

Kuuza ni habari nyingine. Tanzania, anayetaka kuuza maharage kama mbegu anatakiwa kusajiliwa na shamba lake kukaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kudhibiti ubora wa mbegu. Njia iliyo karibu na mkulima mdogo ni daraja la mbegu ya kuazimiwa ubora, linalouzwa katika eneo lililoruhusiwa. Kikundi kinachogawa vizuri kwa misimu kadhaa kinaweza kufika huko, na hapo ndipo mifuko ya PICS ya kilo 50 inapoanza kurudisha gharama yake.

Mbadala mwingine

Mifuko mingine isiyopitisha hewa, kama AgroZ inayotengenezwa Arusha, hufanya kazi kwa kanuni ileile, na yote yaliyosemwa juu ya kukausha na panya yanaihusu. Chagua iliyo karibu, lakini kagua plastiki kabla ya kulipa.

Majivu makavu yaliyochekechwa hufaa kwa wingi: vipimo vitatu vya majivu kwa vinne vya maharage, hadi nafasi zote kati ya punje zizibwe. Watu huweka kiganja kimoja kwa debe na kushangaa. Mafuta ya kula, mililita 5 kwa kilo, huzuia mayai kushika, ila kwa mbegu ya kukaa zaidi ya msimu mmoja hatuyapendekezi kwa kuwa hupunguza uotaji. Mwenye friza anaweza kuweka mbegu kavu ndani ya chupa iliyofungwa kwa siku saba kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, kisha aitoe na kuiacha bila kuifungua hadi ipate joto la chumba. Hiyo huua mayai na funza mara moja, na ndiyo njia tunayoipenda kuliko zote kwa kilo moja au mbili za aina adimu.

Asiye na chombo cha kuzuia hewa kabisa, aliye nyanda za baridi, abingirishe dumu lake lisilofunga vizuri, likiwa limejaa nusu, asubuhi, mchana na jioni kwa wiki mbili za kwanza. Funza mchanga wa fukusi wa kwanza anahitaji karibu siku nzima akiwa amejibanza kati ya punje mbili ili atoboe. Punje zikisogea anaanza upya, na hufa kwa kuchoka. Kwa fukusi wa pili, mwenye mayai ya kubandika, njia hii haina msaada, kwani huyo hutoboa akiwa bado ndani ya yai lake.

Mfuko wa PICS ukitunzwa hutumika misimu miwili hadi mitatu. Baada ya kila msimu ugeuze, ufute kwa kitambaa kikavu, uangalie matundu mbele ya jua. Tundu dogo la tabaka moja huzibwa kwa mkanda mzito wa plastiki pande zote mbili, na tabaka hilo liwe la nje kati ya mawili. Matabaka yote mawili yakitoboka, usilipe tena bei ya mfuko mzima kabla ya kuuliza kama duka linauza plastiki za ndani peke yake. Yaliyotoboka yapasue ubavuni uyatandike chini ya turubai la kukaushia. Yanazuia unyevu wa ardhi vizuri kuliko mkeka.